Kabla ya Ila

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kidogo. Mama alimimina chai, na chai ikaenda kando ya kikombe. Mkono haukutetemeka. Birika liliinama kwa adabu yake ya kila siku, chai ikashuka bila haraka, ikatua kwenye kitambaa cha meza karibu kabisa na kikombe, na mama akaendelea kumimina huku akinisimulia habari za jirani aliyenunua mbuzi bubu. Halafu akaweka birika chini, akanisogezea kikombe.

"Kunywa kabla haijapoa," akasema.

Nikakinyanyua kikombe kitupu, nikakitia mdomoni. Nikavuta, nikameza mate, nikashukuru. Chai ilikuwa ikidondoka kutoka ukingo wa meza hadi juu ya mguu wangu, bado ya moto, na mimi sikuusogeza mguu.

Nasema mapema ili nisieleweke vibaya: siilaumu serikali. Katika nchi yetu serikali haikosei. Asubuhi ile ni chai iliyokosea kikombe.

*

Nchi yetu ni ndogo, na kwa muda mrefu hakuna aliyeijua. Tulikuwa na bendera na wimbo, lakini Mheshimiwa Profesa Tindwa alituambia kwamba bendera na wimbo hata nchi maskini zinavyo. Kinachoipa nchi heshima siku hizi ni utafiti wa tiba. Basi Wizara ya Afya ikafutwa, ikaundwa Wizara ya Matokeo, na Profesa Tindwa akawa waziri wake. Yeye ndiye pia aliyekuwa mtafiti mkuu, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati inayowalinda wagonjwa dhidi ya mtafiti mkuu. Alijiomba ruhusa ya kuanza, akajihoji kwa ukali, akajikubalia, akajishukuru.

Alituambia kwamba huko kwingine wataalamu wanahangaika. Wa moyo wanatafuta dawa ya moyo, wa mifupa ya mifupa, wa figo, wa ngozi, wa macho, wa meno, wa usingizi, kila mmoja kivyake, na wanakaa miaka mingi ndipo waseme dawa yao haikufaa. Sisi ni watu wa umoja. Tukatengeneza kidonge kimoja, cha rangi ya zambarau, kikaitwa Kidonge cha Mshikamano, na idara zote zikakigawana. Mwenye presha alikimeza kwa ajili ya presha. Aliyevunjika mguu alikimeza kwa ajili ya mguu. Asiyelala alipewa ili alale, na anayelala sana alipewa ili aamke. Mjamzito alipewa ili mtoto atulie tumboni, na mtoto akishazaliwa alipewa ili achangamke.

Mama alipewa kwa sababu ya presha.

Liko jarida kubwa la ng'ambo ambalo huchapisha tafiti za dunia nzima, na wenye jarida hilo walisema watapokea utafiti wetu kwa sharti moja. Kila siku kila mgonjwa aulizwe kama dawa inamdhuru. Swali lenyewe walilileta kwa lugha yao, refu, limejaa mikato kama mchicha uliokatwa. Kamati ya Lugha ikakaa kulitafsiri. Ikakaa mpaka wali ukapoa, ukapashwa, ukapoa tena. Mwisho wajumbe wakatoka na neno moja tu.

"Hujambo?"

Profesa alilia mbele ya watu. Alisema bibi zetu walikuwa madaktari bila wenyewe kujua. Hujambo ni kuuliza kama huna jambo, na mtu asiye na jambo ana nini? Hana kitu. Ni mzima. Siku iliyofuata waliulizwa wagonjwa wote wa nchi, wa moyo na wa mifupa na wa figo, na waliokuwa wanatapika na waliokuwa wanashikiliwa wasianguke, na wote wakajibu vilevile.

"Sijambo."

Redio ilitangaza kwamba dawa imefaa kwa wote. Jarida la ng'ambo liliuliza kama tuna uhakika, maana kwao haijawahi kutokea. Profesa aliwajibu kwamba kwao watu hawana adabu.

*

Mimi niliacha shule darasa la tano. Upepo ulichukua paa la darasa letu, tukaambiwa twende nyumbani tusubiri lirudi. Nilikuwa mtoto wa aibu, naongea na ncha za vidole vyangu vya miguu, na nilipokua niliendelea hivyohivyo. Kwa hiyo nilishangaa Wizara ilipokuja mtaani kwetu kutafuta waamkizi, yaani watu wa kupita kwa wagonjwa na kuwaamkia, ikanichagua mimi.

Profesa mwenyewe alitueleza sababu. Alisema aliyesoma sana hafai, kwa kuwa aliyesoma huuliza swali la pili.

"Swali la kwanza ni salamu," alisema. "Swali la pili ndilo linaloleta magonjwa."

Akapita mbele yetu akituuliza majina. Aliponifikia nikamwambia naitwa Siwema. Karani wake akasimama na kalamu hewani. Aliuliza nani si mwema, na anaumwa wapi. Nikazidi kutazama chini. Nilisema kwa sauti ndogo kwamba hakuna anayeumwa, ni jina tu. Kabla yangu mama alizaa watoto wawili, akawapa majina mazuri, wakafa. Mimi akanipa jina ambalo kifo hakitalitamani.

Profesa alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni hadithi nzuri sana ya kienyeji, lakini matokeo ya taifa hayawezi kuletwa na mtu anayeitwa Siwema. Wakanitengenezea beji ya kubandika kifuani. Beji ilisema Niwema.

Nilipomwonyesha mama hakuitazama, akaipapasa kwa kidole. Nikadhani anaona aibu kwamba hajui kusoma. Aliniambia niisome, nikasoma, na uso wake ukabadilika. Akaniambia niivue nikiwa nyumbani, na nikiwa njiani niifunike kwa mtandio.

"Kwani kifo kinajua kusoma, mama?"

"Wewe uliishia darasa la tano unajua," alisema. "Chenyewe hakijawahi kuacha shule."

*

Msimamizi wetu alikuwa nesi mmoja mnene mwenye sauti ya upole, Sista Gaudensia. Kazi yake ilikuwa kutufundisha kutembea.

Nitaeleza kwa nini. Katika nchi yetu mtu akiamkiwa hujibu vizuri kwanza, halafu ndipo aseme yake. Nyumba imeungua, atasema habari ni nzuri, ila nyumba imeungua. Mzazi amezikwa asubuhi, atasema hatujambo, ila tumempoteza mzee. Ndivyo tulivyolelewa. Basi kwenye ukumbi wa hospitali wagonjwa walisema sijambo, wakavuta pumzi, wakasema ila. Na baada ya ila yakaja mambo yote.

Profesa aliligundua tatizo mapema, akatoa agizo. Kukawa na maandishi makubwa ukutani, ILA NI ADUI WA MATOKEO, na sisi tukagawiwa raba nyeupe zisizotoa sauti. Sista Gaudensia akatupanga mstari, akatuonyesha. Unaamkia. Ukisikia sijambo, unageuka kisigino. Mgonjwa anapovuta pumzi, uwe umeshavuka kitanda cha pili. Ila inapotoka, imkute mwenyewe peke yake.

Chini ya maandishi yale makubwa kulikuwa na mengine madogo, ambayo wenye jarida walilazimisha yawekwe. Sista alitusomea mara moja tu, tena haraka, kama mtu anayesoma bei. Yalisema kwamba mgonjwa au ndugu yake akisema wazi kuwa ana jambo, dawa isimame hapohapo na mgonjwa apimwe. Mwenzangu mmoja aliuliza kama imeshawahi kutokea. Sista akasema haiwezi kutokea. Nani ataulizwa hujambo akajibu ninalo? Ni kama kuitwa ukaitikia sipo.

Nilikuwa mwepesi wa kutembea. Niliambiwa mimi ndiye bora, kwa kuwa sikuwatazama watu usoni. Niliona miguu yao tu. Niliona miguu iliyovimba mpaka vidole vikazama. Niliona ngozi inayobanduka kama ya kiazi kilichochemshwa. Nilisema shikamoo, wakasema marahaba, na marahaba ilihesabiwa kwamba mgonjwa ameifurahia dawa. Nilisema hujambo, wakasema sijambo, nikageuka, na nyuma yangu nikasikia ila, na ila nyingine, na nyingine, kama milango inayofungwa mmoja baada ya mwingine kwenye nyumba ndefu. Sikusikia yaliyofuata. Lakini ila zenyewe nilikwenda nazo nyumbani, na nilipokuwa napepeta mchele nilizisikia kwenye ungo.

Vitanda vingine vilikuwa vitupu. Asiyejibu salamu hakuhesabiwa, maana hana la kusema. Ndiyo maana Profesa aliweza kuwaambia waandishi wa habari, bila kusema uongo hata kidogo, kwamba katika utafiti huu hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia kuwa amekufa.

*

Mama alikuwa kwenye safu yangu. Alikaa wima kwenye benchi, kanga yake imenyooka, mikono mapajani. Nilimwamkia kama nilivyowaamkia wengine. Shikamoo. Marahaba, binti. Hujambo? Sijambo, na wewe?

Kisha hakuvuta pumzi. Mama yangu hakuwa na ila.

Mwanzoni nilishukuru. Baada ya ile asubuhi ya chai, nilianza kuogopa. Nikawa nachelewa mbele yake kidogo kuliko ilivyoruhusiwa, raba zangu zimeganda sakafuni, naisubiri ila yake. Haikuja. Alikaa akitabasamu, akiutazama mlango, na mimi nilikuwa upande wa dirisha. Baadaye anafungua kinywa, nesi anaweka kidonge, anameza, anafungua tena kuonyesha ulimi. Hapakuwa na njia ya kukificha kidonge kile. Ulimi wake ulikuwa umeshageuka zambarau.

Nyumbani alianza kupima mlango kwa bega kabla ya kupita. Chumvi aliionja ndipo aijue. Alianza kuniita kabla sijaingia, kwa kusikia hatua, halafu nilipovaa zile raba akaacha kuniita, na mara mbili alishtuka kunikuta nyuma yake. Mimi nilikuwa na swali mdomoni, mama unaniona, na nililishika kwa meno. Nikawa naacha vitu mahali pale pale ili asivitafute.

Nadhani alijua. Jioni moja tukichambua kunde aliniambia, bila kuulizwa, kwamba anayekuamkia hakuombi ugonjwa wako. Anataka kupita. Mpe sijambo yake apite, uchungu upike mwenyewe nyumbani. Halafu akasema pia kwamba mtoto wake amepata kazi ya kuvaa viatu vyeupe, na yeye hatakuwa mtu wa kumvua.

Aliyesema wazi alikuwa Malekela peke yake.

Malekela alikuwa fundi viatu pale kona ya kuingilia kwetu, na alikuwa mtani. Watu wa kwao ng'ambo ya bonde na watu wa kwetu wanataniana tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Mtani anakutukana kwenye msiba wako, anakaa kwenye kaburi lako na kudai ni lake, na huruhusiwi kukasirika. Siku hiyo mama alipita amevaa ndala ya bluu mguu huu na ya kijani mguu ule.

"Bi Zamoyoni," akamwita, "kwenu siku hizi mnavaa viatu kwa kupiga kura?"

Mama akacheka. Alimwambia angalau yeye ana viatu, kuliko fundi anayevaa vya wateja.

"Na hayo macho nani kakuazima? Naongea na wewe, unalitazama sikio langu."

"Nalitazama kwa kuwa ni bovu."

"Kipofu wewe. Njoo nikuuzie fimbo."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Neno lile lilikuwa limetamkwa mchana, barabarani, na jua halikudondoka. Nilimtazama Malekela usoni, mimi nisiyetazama watu usoni, na nikaona yeye pia hacheki kwa macho.

*

Malekela naye alikuwa anameza kidonge kwa ajili ya mgongo. Wiki ileile aliletwa kwenye safu yangu. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamuuliza hujambo.

"Nimekufa jana alasiri," alisema kwa sauti ya kutosha ukumbi mzima. "Nimekuja kuulizia sanda. Naomba ya zambarau, ifanane na mkojo wangu."

Ukumbi ulicheka. Walicheka wa mifupa, walicheka wa figo, mjamzito mmoja alishika tumbo kwa mikono yote miwili. Sikuwa nimewahi kusikia kicheko pale ndani, na kilinitisha kuliko ila zote. Sista Gaudensia alikuwa amefumba macho.

Kamati ikakaa. Jibu lilikuwa limeshaingia kwenye kompyuta, na kompyuta yetu haikuwa imefundishwa kutoa. Wako waliosema kwamba kauli ya mgonjwa iheshimiwe, ikiwa amesema amekufa basi amekufa. Wako waliosema ameonekana akitembea. Mwanasheria wa Wizara alisema kutembea si ushahidi, maana hakuulizwa kama anatembea. Ikaamuliwa kwamba Malekela ndiye kifo cha kwanza na cha pekee katika utafiti, na chanzo cha kifo ni utani. Kesho yake utani ulisimamishwa nchi nzima mpaka utafiti utakapokamilika.

Mabwana wawili wapole sana walikwenda kumchukua pale konani. Walimsaidia hata kukusanya misumari. Walimpeleka kwenye Chumba cha Kutulia.

Aliporudi, mimi na mama tulikuwa tunatoka sokoni. Nilimwona ameketi mahali pake, ameshika kiatu, hakishoni. Nikamnong'oneza mama kwamba mtani amerudi. Mama alifurahi, akainua sauti.

"Maiti hiyo, mbona hainuki?"

Malekela akasimama. Akavua kofia, akaibana kifuani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," alisema. "Sijambo. Namshukuru Mheshimiwa Profesa."

Mama aligeuka. Alinishika mkono, na tulitembea hivyo, vidole vyake vimezama kwenye nyama yangu. Karibu na kwetu aliniuliza Malekela amevaaje. Nikasema amevaa vizuri, shati safi, vifungo vyote.

"Basi wamemuumiza," akasema.

*

Sista Gaudensia alinipa habari nikiwa nafunga kamba za raba. Alisema mama yangu amechaguliwa kuwa Mgonjwa Bora wa Taifa, kwa kuwa ndiye peke yake asiye na ila. Siku ya Matokeo atakaa jukwaani mbele ya wageni wa jarida la ng'ambo, Profesa atamwamkia kwa mkono wake, na atapewa zawadi. Zawadi itakuwa dozi ya heshima. Vidonge viwili kwa pamoja, avimeze hapohapo watu wapige makofi.

Nilibaki nimeinama. Sista akajifanya ananinyooshea beji. Mikono yake ilinuka spiriti.

"Nimewaona waliopewa viwili," alisema. Alikuwa anaongea na beji, si na mimi. "Hawajibu salamu. Usiniulize."

Nikavuta pumzi. Lakini yeye ndiye aliyetufundisha sisi kutembea. Nilipofungua kinywa alikuwa ameshavuka kitanda cha pili.

Nyumbani mama alikuwa anapiga pasi kanga yake ya sherehe kwa kupapasa. Alisema hajawahi kupanda jukwaani maishani mwake. Alisema nimwambie rangi ya kiti ili asiende na kanga inayogombana nacho. Nikamwambia. Nilitaka kumwambia la pili, na nikaanza, nikasema mama, naye akainua uso upesi, akautazama ukuta uliokuwa kando yangu, anasubiri. Nikasema pasi inaunguza.

*

Siku ya Matokeo uwanja ulijaa. Mabwana wapole walikuwa wamesimama kila mlango. Wagonjwa walipangwa kwa idara, na kila idara ilipewa bendera yake, ya macho, ya moyo, ya meno, na wale waliokuwa hawawezi kusimama walifungwa kwenye milingoti ya bendera ili wasimame kwa heshima. Wageni wa jarida walikaa mbele wamevaa miwani ya jua, na mkalimani nyuma yao.

Profesa alihutubu. Alisema kihistoria binadamu amekuwa akiugua kwa kukosa uongozi. Alisema mataifa makubwa yametumia karne nyingi kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi, na swali hilo lenyewe ndilo lililowaumiza. Sisi tumemuuliza kama hajambo, na angalieni. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye bendera. Akauliza kwenye maiki, "Hamjambo?" na uwanja ukaitika, "Hatujambo," na baada ya hapo nikasikia nchi nzima ikivuta pumzi. Bendi ilikuwa imeshaagizwa. Ikapiga matarumbeta hapohapo, na ila ya watu wote ikapotelea humo ndani.

Mama alikuwa kwenye kiti chekundu. Mimi nilisimama kando yake, maana ilipangwa mwamkizi wake aonekane. Upande wa pili alisimama Sista Gaudensia ameshika sinia. Juu ya sinia kulikuwa na bilauri ya maji na vidonge viwili kwenye kitambaa cheupe, vinang'aa kama macho ya kitu fulani.

Profesa akashuka kwenye mimbari, akaja mpaka kwetu na maiki yake. Akamuuliza mama hujambo.

Mama alisimama, akapiga goti kidogo, akatoa mkono. Alitoa kwa uzuri sana. Aliutoa kwa chungu cha maua kilichokuwa upande wa kushoto.

"Sijambo, Mheshimiwa," alikiambia chungu. "Na wewe?"

Profesa aliwaambia wageni kwamba huu ndio unyenyekevu wa wanawake wetu, hawathubutu kumtazama kiongozi. Mkalimani akatafsiri. Miwani ya jua ikatikisika kwa kukubali. Watu wakapiga makofi, na Sista akapiga hatua moja mbele na sinia.

Sijui kwa nini Profesa alinigeukia. Labda kwa ajili ya picha ilibidi aonekane na kijana pia. Alisoma beji yangu, akatabasamu, akaleta maiki mpaka chini ya mdomo wangu, baridi yake nikaisikia kwenye kidevu.

"Na wewe, binti Niwema, hujambo?"

Nilijua jibu. Kila mtu analijua, hata kasuku wa bandarini. Nilihisi limeshakaa ulimini, limekunjwa vizuri, linasubiri kupita. Nilimwona Malekela katika watu, kifungo cha juu kimembana, kofia kifuani. Niliwaona mabwana wapole mlangoni. Nilitazama chini, kama kawaida yangu, nikaona miguu ya mama. Ndala mpya za sherehe, zote nyekundu. Ya kushoto ilikuwa mguu wa kulia.

"Nina jambo," nikasema.

Spika zikalibeba. Likaenda mpaka mwisho wa uwanja, likagonga ukuta, likarudi. Jambo, jambo. Bendi haikuwa na agizo lolote kuhusu neno lile, ikanyamaza. Sista Gaudensia alirudisha sinia nyuma, haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea, bilauri ikaanguka, vidonge vikabingirika chini ya jukwaa.

Na Profesa, ambaye naye alilelewa na mtu, ambaye utotoni alifinywa sikio mpaka akajua kwamba mtu akikwambia ana jambo huwezi kupita bila kumuuliza, alifungua kinywa, na adabu ikatoka yenyewe kabla hajaizuia.

"Jambo gani, mwanangu?"

Alijiziba mdomo kwa kiganja. Lakini swali la pili lilikuwa limeshatoka, mbele ya nchi nzima, na mkalimani alikuwa ameshaanza kulitafsiri. Mabwana wapole waliondoka mlangoni, wakaanza kuja. Hawakukimbia. Uwanja wote ulikuwa umeinamisha masikio kwangu, idara kwa idara.

Sikumjibu Profesa. Niligeuka kwa mama. Alikuwa ameacha kukitazama chungu cha maua. Uso wake ulikuwa unanitafuta kwa kuifuata sauti yangu, ukapita bega langu, ukarudi, ukasimama palipokuwa uso wangu.

"Huoni, mama," nikasema, na maiki bado ilikuwa pale. "Kile kikombe kilikuwa kitupu."